Darubini ya mezani yenye kioo cha milimita 130: inatuonyesha nini kuhusu Zohali?

Darubini ninayoitathmini hapa ni ile ndogo ya kuweka mezani, yenye kioo cha kukusanya mwanga chenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 650. Kampuni kadhaa huiuza kwa majina tofauti, lakini umbo lake halibadiliki sana: bomba fupi linalovutwa na kurudishwa ndani, lililoshikwa upande mmoja na mkono wa mbao, juu ya kitako cha duara kinachozunguka. Sitaieleza kwa kila kazi inayoweza kufanya. Nitaipima kwa kazi moja tu, nayo ni kuionyesha sayari ya Zohali, kwa sababu karibu kila mtu anayekaribishwa kuchungulia, awe mwanafunzi au bibi mwenye wajukuu, huomba aonyeshwe ile sayari yenye pete, na maswali anayouliza baada ya kuiona hukipima chombo hiki vizuri kuliko maelezo yaliyochapishwa kwenye boksi.

Nianze na muundo, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wengi wa ukanda wetu hupotea. Darubini nyingi za bei ya kati huja na stendi ya miguu mitatu ambayo mhimili wake mmoja hutakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota huonekana kupazunguka, ili sayari ifuatwe kwa kuzungusha mhimili huo mmoja tu. Stendi ya namna hiyo inamfaa anayeishi Ulaya, ambako ncha ya kaskazini iko juu angani. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Kampala, ncha zote mbili ziko chini kabisa, karibu na upeo wa macho, nyuma ya miti na majengo, na mhimili ukilazwa hadi uelekee huko, uzito wa kusawazisha huanza kugongana na miguu ya stendi na usiku mzima huishia katika kurekebisha. Darubini ya mezani haina mambo hayo. Husukumwa kwa mkono, juu na chini, kushoto na kulia, na mtoto wa darasa la nne huweza kuiendesha baada ya kuelekezwa kwa dakika chache. Uzito wake wote ni kama kilo sita, hivyo mtu mmoja huibeba hadi uani au juu ya paa la zege bila kuomba msaada.

Ndani ya boksi huwa kuna lenzi mbili za jicho, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Ukigawa urefu wa fokasi kwa namba ya lenzi unapata kiwango cha ukuzaji: mara 26 kwa ile ya kwanza na mara 65 kwa ya pili. Kwa mara 26, Zohali ni tone dogo la mwanga wa manjano lililorefuka pande mbili, na mtu asiyeambiwa hawezi kusema kwa hakika anaangalia nini. Kwa mara 65 hakuna tena shaka. Sayari inapokuwa karibu nasi, upana wa pete zake kutoka ncha hadi ncha ni kama sehemu moja ya arobaini ya upana wa Mwezi, kwa hiyo ukuzaji huo hukupa umbo lenye upana wa mara moja na nusu ya Mwezi tunaouona kwa macho matupu. Wengi hawaamini hesabu hiyo, maana ndani ya lenzi sayari huonekana ndogo, ikiwa imezungukwa na weusi mwingi. Lakini jicho likitulia kwa dakika moja au mbili, tufe hujitenga na pete, na unaona wazi kwamba tufe lenyewe si la duara kamili. Limebonyea juu na chini, kwa sababu Zohali hujizungusha mara moja kwa muda wa saa 10 na nusu hivi, na gesi iliyo kwenye ikweta yake husukumwa nje kiasi kwamba kipenyo cha kutoka ncha hadi ncha hupungua kwa karibu asilimia 10 kikilinganishwa na kile cha ikweta.

Swali la kwanza la watu, karibu wakati wote, ni kama wanachokiona ni picha. Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi ya useremala maisha yake yote na mwenye jicho la kutambua kazi ya mkono, aliinua kichwa akaniuliza, "Mwanangu, hii si karatasi umeibandika humo ndani?" Nilimwomba aendelee kutazama bila kuligusa bomba. Taratibu sayari ikaanza kusogea kuelekea ukingo wa lenzi, na baada ya dakika tatu hivi ikatoka kabisa, kwa kuwa Dunia inazunguka na darubini hii haina mota ya kuifuata. Alipolisukuma bomba kidogo na kuikuta tena, aliacha habari ya karatasi akaanza kuuliza maswali mazito. Ukosefu wa mota huandikwa katika tathmini nyingi kuwa kasoro. Mimi nauhesabu kuwa sifa kwa mtu anayetazama mara ya kwanza, ingawa nakubali kwamba kwa ukuzaji mkubwa zaidi huchosha.

Swali linalofuata ni la rangi. Watu wamezoea picha zenye mistari ya dhahabu, buluu na hudhurungi, halafu humu ndani wanakutana na manjano iliyofifia na pete nyeupe. Jibu la kweli ni kwamba picha nyingi zinazosambaa zimeongezewa nguvu ya rangi ili wataalamu waone mawingu yanavyotofautiana, ilhali jicho la binadamu hupokea mwanga mchache na halikusanyi mwanga kwa muda mrefu kama kamera. Mkanda mmoja wa wingu ulio mweusi kiasi karibu na ikweta huonekana katika usiku tulivu. Zaidi ya hapo, kioo cha milimita 130 hakiahidi, na muuzaji anayeahidi rangi za kwenye picha anamdanganya mteja.

Udanganyifu mwingine uko kwenye namba za ukuzaji. Zipo darubini ndogo za lenzi ya milimita 60 au 70 zenye boksi lililoandikwa mara 525 au zaidi. Kinachoamua undani wa kitu unachokiona ni upana wa kioo au lenzi inayopokea mwanga, na kanuni ya kawaida ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo hicho kwa milimita. Kwa kioo chetu kikomo ni mara 260 katika hewa bora kabisa, na kwa Zohali mimi huridhika na mara 130, ambazo hupatikana kwa kuongeza lenzi ya kuzidisha mara mbili mbele ya ile ya milimita 10. Ununuzi huo mdogo ndio wa kwanza ninaoupendekeza, kabla ya vichujio vya rangi na mikoba.

Sasa niingie kwenye pete zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo aliyenunua darubini hii katika miaka hii anaweza kuvunjika moyo bila sababu. Mnunuzi huwa na picha kichwani ya pete zilizofunguka sana, kama ilivyokuwa mwaka 2017, lakini kuanzia mwaka 2025 aliyechungulia alikuta mstari mwembamba unaokata tufe katikati. Darubini haina ubovu wowote. Zohali imeinama kwa nyuzi 26.7, nayo huchukua takriban miaka 29 na nusu kulizunguka Jua huku mhimili wake ukiendelea kuelekea upande ule ule wa anga. Kwa hiyo kuna miaka tunayoziona pete kutoka juu, miaka tunayoziona kutoka chini, na kati ya vipindi hivyo kuna wakati zinatugeuzia ukingo. Wakati huo ulifika Machi 2025, sayari ikiwa karibu mno na Jua angani kiasi cha kutotazamika vizuri, na hautarudi hadi mwaka 2038. Baada ya Machi 2025 tunaona upande wa kusini wa pete, nao unaendelea kufunguka mwaka baada ya mwaka hadi utakapofikia kilele karibu na mwaka 2032.

Kupotea huko kulimsumbua hata Galileo Galilei. Mwaka 1610, kwa darubini dhaifu kuliko hii ya mezani kwa kila kipimo, aliona vitu viwili pembeni mwa sayari na akadhani ni sayari tatu zilizosimama pamoja. Mwaka 1612 vile viwili vikatoweka, naye hakuwa na maelezo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1659, Christiaan Huygens alipochapisha maelezo kwamba Zohali imezungukwa na pete nyembamba, bapa, isiyogusa sayari mahali popote. Mimi huwaambia wanaochungulia mwaka ambao pete ni nyembamba kwamba wanaona hasa kile kilichowatatiza wataalamu kwa karibu nusu karne, na kwamba wana bahati ya kuona wembamba wenyewe. Pete kuu zina upana wa zaidi ya kilomita 270,000 kutoka ukingo hadi ukingo, lakini unene wake sehemu nyingi hukadiriwa kuwa kama mita 10. Lau tungetengeneza mfano wake wenye unene wa milimita moja, mfano huo ungekuwa na upana wa kilomita 27.

Je, pete hizo ni kitu kimoja kigumu? Hapa darubini inafika mwisho wa uwezo wake, na nadhani ni haki kulisema hilo katika tathmini. Ndani ya lenzi pete huonekana kama sahani laini isiyo na punje. Kwamba si sahani kulionyeshwa kwanza kwa hesabu: katika miaka ya 1850, James Clerk Maxwell alithibitisha kwamba pete ngumu ingevunjika, na kwamba ni lazima iwe vipande vingi vidogo, kila kimoja kikiizunguka sayari katika njia yake. Mwaka 1895 James Keeler alipima mwanga wa pete na kukuta kwamba sehemu ya ndani huzunguka kwa kasi kuliko ya nje, jambo lisilowezekana kwa kitu kigumu. Leo tunajua kwamba vipande hivyo karibu vyote ni barafu ya maji, kuanzia chembe ndogo kama vumbi hadi mabonge ya ukubwa wa nyumba, na weupe wa pete unaouona kwenye lenzi ni mwanga wa Jua unaorudishwa na barafu hiyo. Jambo moja la kupendeza linaloonekana hata kwa chombo hiki ni kwamba kwa siku chache, Dunia inapopita kati ya Jua na Zohali, pete hung'aa kuliko kawaida zikilinganishwa na tufe, kwa sababu vivuli vya vipande hivyo hujificha nyuma ya vipande vyenyewe.

Kipimo kigumu zaidi cha kioo cha milimita 130 ni ule mwanya mweusi uitwao Mwanya wa Cassini, uliogunduliwa na Giovanni Domenico Cassini mwaka 1675, ambao hutenganisha pete A ya nje na pete B iliyo angavu zaidi. Upana wake ni karibu kilomita 4,800, lakini kwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 1.2 huwa kama unywele. Pete zikiwa zimefunguka vya kutosha, hewa ikiwa tulivu na vioo vikiwa vimenyooshwa sawasawa, darubini hii huuonyesha kwenye ncha mbili za pete, na ni furaha kubwa kumsikia mtu akiutaja mwenyewe kabla hajaambiwa. Pete zikiwa nyembamba, usiutafute. Mnunuzi asiirudishe darubini dukani kwa sababu hiyo. Asubiri pete zifunguke.

Swali la umri na mwisho wa pete huulizwa zaidi na vijana, pengine kwa sababu wamesikia kwamba zinatoweka na wakaelewa kuwa zitatoweka karibuni. Chembe za barafu kutoka kwenye pete kweli huvutwa na kunyesha juu ya sayari, na makadirio yaliyotangazwa na NASA mwaka 2018 yalisema kwamba zinaweza kwisha katika muda wa miaka milioni 300 au chini ya hapo. Kuhusu umri, vipimo vya chombo cha anga cha Cassini, kilichoizunguka Zohali kuanzia mwaka 2004 hadi kilipoingizwa kwa makusudi katika angahewa yake tarehe 15 Septemba 2017, viliwafanya wataalamu wengi waamini kwamba pete ni changa, pengine miaka milioni mia kadhaa tu, dhidi ya miaka bilioni 4.5 ya sayari yenyewe. Wapo wanaopinga na kusema barafu hukaa safi kwa muda mrefu kuliko tulivyofikiri. Mjadala haujafungwa.

Kwa upande wa miezi, darubini inajitetea vizuri. Titan huonekana usiku wowote wenye anga safi, kama nyota ndogo pembeni mwa sayari, nayo huhama kwa kuonekana kutoka usiku mmoja hadi mwingine, kwa kuwa humaliza mzunguko wake kwa siku 16 hivi. Ina kipenyo cha karibu kilomita 5,150, kwa hiyo ni kubwa kuliko sayari ya Utaridi, na tarehe 14 Januari 2005 chombo kidogo cha Huygens kilitua juu yake. Mbali na taa za mjini, Rhea pia huonekana, na kwa jicho lililozoea giza, Tethys na Dione. Nawashauri walimu wawape wanafunzi karatasi wachore mahali Titan ilipo kila usiku kwa wiki mbili. Hakuna zoezi la anga linalofundisha zaidi kwa gharama ndogo hivyo. Miezi inayotambuliwa rasmi ilifikia 274 mwezi Machi 2025, baada ya 128 kuongezwa kwa mkupuo mmoja, lakini mingi ni mawe madogo ambayo hata darubini kubwa za wataalamu huyaona kwa shida.

Kasoro za chombo zipo, na nyingine zinatuhusu sisi wa tropiki kuliko wale waliokisanifu. Katika miaka hii Zohali hupita karibu utosini kwa anayeishi Afrika Mashariki. Hilo ni neema, maana mwanga wake hupita katika hewa chache na picha hutulia kuliko anavyoipata mtazamaji wa London. Lakini darubini ya kusukuma kwa mkono hufanya ukaidi inapoelekezwa juu kabisa, kwa sababu kusogea kidogo angani hudai kitako kizungushwe sana. Dawa yake ni kuitazama sayari saa mbili kabla au baada ya kupita utosini. Kasoro ya pili ni kifaa cha kulenga ukali wa picha, ambacho huzungushwa kama kifuniko cha chupa na huchezacheza kikiwa na lenzi nzito. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, ikizungushiwa mara mbili tatu kwenye meno yake, hukitia uzito na kukituliza kabisa. Kasoro ya tatu ni kwamba sehemu ya mbele ya bomba iko wazi, hivyo taa ya jirani huingia moja kwa moja. Kitambaa cheusi kilichozungushwa juu ya zile fito zinazoishikilia sehemu hiyo huondoa tatizo hilo.

Meza nayo ni suala. Meza ya plastiki hutikisika kila unapolenga, na kwa mara 130 sayari hurukaruka. Stuli fupi ya mbao yenye miguu mitatu imenifaa kuliko kitu kingine chochote. Kaa mbali na paa la bati, ambalo hutoa joto hadi usiku na kuifanya sayari ichemke ndani ya lenzi, na iache darubini nje nusu saa kabla ya kutazama ili kioo kipoe. Taa za mjini zenyewe hazina madhara makubwa, kwa kuwa Zohali ina mwanga wa kutosha kuonekana hata katikati ya Dar es Salaam. Anayeishi pwani awe mwangalifu zaidi na unyevu na chumvi: kioo kikirudishwa ndani kikiwa na ukungu na kufunikwa papo hapo, huota kuvu, na upakaji wa alumini ukishaliwa haurudi. Kiache kikauke kwanza, kisha ukihifadhi ndani ya boksi lenye vipakiti vya kufyonza unyevu.

Kuhusu wakati, Zohali huwa karibu nasi mara moja kila baada ya siku 378, kwa hiyo tarehe hiyo husogea mbele kwa karibu wiki mbili kila mwaka. Mwaka 2026 ni tarehe 4 Oktoba, na mwaka 2027 ni tarehe 18 Oktoba, ndipo itakapoanza kuingia katika mawingu ya vuli. Ifikapo mwaka 2032 itakuwa mwishoni mwa Desemba, kipindi cha kaskazi, pete zikiwa zimefunguka sana na sayari ikiwa imehama kutoka utosini kuelekea kaskazini, mahali ambapo kitako cha darubini hii hufanya kazi bila ukaidi. Anayenunua sasa na kukitunza kioo chake atapata miaka yote hiyo ya kuziona zikifunguka.

Bei yake Marekani huwa kati ya dola 200 na 350 hivi, na kwetu huongezeka usafiri na ushuru, ambao mnunuzi aulize kabla hajaagiza. Kwa familia, au kwa mtu anayetaka kuanza, naipendekeza bila kusita kuliko darubini yoyote ya lenzi ya milimita 60 au 70, hata kama hiyo ya pili inauzwa nusu ya bei. Kwa shule yenye chumba cha kufunga na watu wa kubeba, ningeongeza fedha na kuchukua darubini ya aina hiyo hiyo yenye kioo cha milimita 200: ni nzito na haiwekwi mezani, lakini huuonyesha Mwanya wa Cassini mapema zaidi pete zinapofunguka, na katika usiku mzuri huionyesha pia pete C, ile hafifu iliyo ndani ya nyingine, ambayo kioo cha milimita 130 hukuachia ukiwa na mashaka kama umeiona kweli.